Kitawanyio kikongwe, gari la ng'ombe au tela: samadi ifikeje kondeni?

Mwaka juzi mdogo wangu aliyeko Uingereza alinipigia simu ya video akiwa kwenye mnada wa vyombo vya shamba. Nyuma yake niliona kitawanyio cha samadi: sanduku la mbao lenye magurudumu mawili, limejaa kutu, kuku wametaga ndani. "Kaka, si ulinunua kile kitrekta cha kukatia majani cha hoteli? Basi hiki ndicho cha kukifungia." Nikacheka, nikamwambia akitie kwenye kontena pamoja na vitu vyake. Kimeshafanya kazi masika mbili na vuli mbili hapa Dole, Unguja, na kila apitaye njiani husimama kuniuliza kama na yeye atafute chake. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Nalinganisha njia tatu ambazo zote nimezitumia katika konde hilihili: kitawanyio hicho kikifungwa kwenye trekta dogo la bustani, gari la ng'ombe la kukodi, na tela la kawaida nyuma ya trekta lilelile, samadi ikimwagwa marundo marundo kisha kusambazwa kwa mkono. Toroli nitalitaja njiani tu. Kwa bustani ya mchicha nyuma ya nyumba hakuna kinacholishinda, na huna haja ya kusoma zaidi.

Nianze na mashine yenyewe, kwa sababu wengi hudhani ina injini. Haina. Ni sanduku ambalo sakafuni mwake kuna minyororo miwili iliyounganishwa kwa mapau ya chuma. Minyororo hiyo huiburura samadi taratibu kuelekea nyuma. Huko nyuma kuna ngoma zenye meno zinazozunguka kwa kasi, zinairarua na kuitupa. Nguvu yote hutoka kwenye magurudumu ya kitawanyio: kikiburutwa, magurudumu yakizunguka, gia na minyororo ya ubavuni nayo huzunguka. Trekta likisimama, kila kitu kinasimama. Mashine za mwanzo zilimwaga samadi kwa upana wa sanduku tu. Mwaka 1899 mwalimu wa skuli wa kijiji cha Maria Stein, jimbo la Ohio huko Marekani, Joseph Oppenheim, alibuni mapanga ya kuzunguka yanayoirusha samadi hata pembeni, na kiwanda alichoanzisha kikaitwa New Idea. Vingi vilivyotengenezwa baadaye vilifuata wazo hilohilo.

Hapo ndipo ukongwe unapokuwa faida. Vitawanyio vingi vya siku hizi huzungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, mizunguko 540 kwa dakika, na kitrekta cha kukatia majani ya bustani kwa kawaida hakina shafti hiyo nyuma. Kitawanyio cha zamani kinataka pini ya kufungia tu. Kwa hiyo wazo la mdogo wangu halikuwa la kipuuzi hata kidogo.

Lakini hivi vyombo hapo mwanzo vilibuniwa kwa ajili ya farasi wawili. Farasi wakubwa wa kazi, kila mmoja kilo mia saba au zaidi, ni tani moja na nusu ya misuli yenye kwato nane ardhini. Ukitazama vya zamani, vingine utaona ulimi wake wa mbao umekatwa ili ufungwe kwenye trekta. Kitrekta cha bustani, hata kile madhubuti chenye gia za chuma na nguvu za farasi 20, kina uzito wa kilo mia nne au mia tano tu. "Nguvu za farasi" zilizoandikwa kwenye boneti zisikudanganye. Kinachovuta mzigo ni uzito ulio juu ya magurudumu ya nyuma, na uzito huo ndio pia unaokusaidia kusimama.

Tupige hesabu, kwani hapa ndipo wengi wanapoumia. Trekta langu, nikiongeza vyuma nilivyofunga kwenye magurudumu ya nyuma na mwili wangu, ni kama kilo 620. Kitawanyio changu ni cha saizi ndogo, sanduku la lita 900 hivi, na kitupu kina kilo 280. Samadi iliyokaa miezi kadhaa ikaanza kuwa mboji ina kama kilo 650 kwa kila lita elfu. Ya mbichi iliyolowa mkojo inakaribia uzito wa maji. Nikijaza ile iliyooza, ninavuta karibu kilo 860. Kwenye tambarare kavu inakwenda. Siku ya kwanza nilipoteremka nacho kuelekea bondeni, kimejaa, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamefungwa breki na bado tulikuwa tunakwenda. Mzigo ulisukuma, trekta likageuka ubavu, na kilichotusimamisha ni mnazi. Mnazi haukuumia. Bampa la mbele niliokota vipande.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: palipo na mteremko wowote, chombo pamoja na mzigo wake visizidi uzito wa trekta na dereva. Maana yake ni nusu sanduku. Na ukiona mnadani kile cha saizi kamili, cha lita elfu mbili na zaidi, kiache hapohapo hata kama wanakipa bure. Kikijaa ni zaidi ya tani moja na nusu bila breki, na hakuna kitrekta cha bustani kinachostahili adhabu hiyo. Jambo jingine ni pini: funga chini, kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa kuvutia. Ukifunga juu ya ekseli, trekta laweza kuinua pua na kukulalia mgongoni.

Sasa tuone mbio zake. Kipimo ninachotumia kwa konde la mboga ni tani nne za samadi iliyooza kwa eka, yaani kilo moja kwa kila mita ya mraba. Kwa toroli la kilo 50 hizo ni safari 80. Kwa gari la ng'ombe la kilo 400, safari 10. Kwa kitawanyio kilichojaa, safari 7. Kwa nusu sanduku, 14. Samadi hurushwa kwa upana wa kama mita moja na nusu, kwa hiyo kilo 600 zinataka mwendo wa mita 400. Eka ya mraba ina mita 64 kila upande, basi sanduku moja linakwenda mara sita kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, dakika kumi pamoja na kugeuza.

Dakika kumi! Watu wakisikia hivyo macho huwatoka. Waulize nani alijaza. Pauro moja ya samadi ni kilo nne hivi, kwa hiyo sanduku moja ni pauro 150, na vibarua wawili wanaofanya kazi kweli watatumia zaidi ya nusu saa. Kitawanyio hakijijazi. Huko kilikotoka, wenye navyo hujaza kwa trekta la pili lenye ndoo mbele. Hapa kwetu jasho la kujaza liko palepale, uwe na mashine, ng'ombe au tela. Mashine inakuokolea nusu ya pili ya kazi, ile ya kusambaza. Na kusema kweli, kusambaza ndiyo nusu nyepesi.

Ubora wa kusambaza, hata hivyo, siubishi. Mkono, hata wa mtu makini, huacha mafungu: hapa mahindi yanakuwa meusi kwa ukijani, hatua mbili mbele ni manjano. Kitawanyio huvunja mabonge na kuyarusha sawasawa. Ukitaka kujua kinatoa kiasi gani, tandika kipande cha turubai cha mita moja kwa moja katikati ya njia ya magurudumu, pitisha trekta, kisha pima kilichobaki juu yake. Kilo moja ni tani nne kwa eka. Ikizidi, rudisha nyuma mkono wa kubadilishia mwendo wa mnyororo wa sakafuni. Nilifanya hivyo mara tatu siku ya kwanza. Watoto wa jirani walidhani napima kitu cha thamani sana.

Swali kubwa kuliko yote, ambalo mdogo wangu huko aliko hakuweza kulijua, ni: mazao yako yanataka samadi itawanywe? Huko kilikobuniwa, konde ni uwanja mtupu wa ngano au mahindi, samadi inatupwa juu kisha inalimiwa ndani. Konde la Unguja au Pemba ni jambo jingine. Mgomba unataka samadi shimoni. Muhogo na viazi vitamu viko kwenye matuta. Mnazi na mkarafuu vinataka duara chini ya kivuli chake, umbali kidogo kutoka shinani, na kati ya mti na mti umepanda majimbi au mananasi. Ukipita hapo na kitawanyio, nusu ya samadi unalisha magugu, na ngoma zitajifunga makuti mpaka zisimame. Familia nyingi zilizopewa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 zina mchanganyiko wa namna hiyo, na eka hizo zimeshagawanywa kwa watoto na wajukuu. Pa kugeuzia trekta lenyewe hapapo.

Mimi nina eka moja na robo iliyo wazi, ya tungule, mabamia na mahindi, bila mti hata mmoja katikati. Hiyo peke yake ndiyo inayokistahili kitawanyio. Shamba langu lililobaki, la migomba na mikarafuu michache, kitawanyio hakijawahi kuligusa.

Kuna na mawe. Ukanda wa mashariki na kusini, Paje, Jambiani, Makunduchi, ni maweni: udongo uko kwenye vishimo kati ya jiwe na jiwe, na wenyeji hupanda kwa kufuata vishimo hivyo. Kuburuta chombo cha magurudumu pale ni kukitafutia kifo. Hata huku kwenye udongo mzito wa kinongo, adui yumo ndani ya samadi yenyewe: kifuu, jiwe la kufungia mbuzi, kipande cha kamba ya manila, mfuko wa saruji. Kamba hujisokota kwenye ngoma, jiwe hukunja pau la sakafuni. Samadi ya tela unaweza kuichambua unapoisambaza. Ya kitawanyio unapaswa kuichambua unapojaza, na vibarua wanaolipwa kwa sanduku hawana subira hiyo.

Shemeji yangu wa Mtambile, Pemba, alitaka nimvushie kitawanyio kwa msimu mmoja. "Shemeji, naleta chakula na petroli, wewe leta chombo." Nilikwenda kwanza kulitazama konde lake. Kama unaijua Pemba unajua nilichokikuta: kilima, bonde la mpunga, kilima. Kupanda, magurudumu ya kitrekta yangeteleza. Kushuka, ningekutana na mnazi wangu wa pili. Na kitawanyio kinachoendeshwa na magurudumu yake, kikianza kuserereka kwenye udongo uliolowa, ngoma hazizunguki, unaburuta sanduku tu. Nilimwambia hapana, akanuna siku mbili, tukamaliza. Yeye anatumia gari la ng'ombe mpaka ukingoni na mapakacha kichwani kuanzia hapo, na kwa ardhi ile simwoni wa kumshauri vingine.

Gari la ng'ombe halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa visiwani. Linapita vichochoro ambavyo trekta haliingii, mwenye nalo anakuja na chombo chake na nguvu zake, na akimaliza samadi yako anakwenda kubeba mchanga wa mtu mwingine. Hulilishi wala huliweki uani. Ng'ombe hula majani na kukurudishia samadi, petroli haikurudishii kitu. Ubaya wake ni miadi. Mvua za mwanzo za masika zikinukia tu, kila mtu analitaka siku moja, na utasubiri juma zima huku samadi imelundikwa barabarani. Ubaya wa pili ni kwamba mwenye gari amekubaliana nawe kubeba. Akimwaga rundo moja kubwa kondeni, kazi yake imekwisha, na wewe unabaki na mlima wa samadi na pauro moja.

Hapo ndipo tela linaponipendeza. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kwa ekseli ya gari bovu na mbao, sanduku la kilo 400. Ninapita nalo kondeni, kila mita tano nasimama, mtu wa nyuma anashusha ndoo mbili za lita 20, kama kilo 25. Mistari nayo iko mita tano tano. Marundo 160 kwa eka, tani nne, hesabu inatimia bila mizani. Jioni watu wawili wanapita na reki na jembe uma kuyavuta marundo. Usiku hatuyaachi: samadi ikikaa juu ya ardhi kwenye jua letu, naitrojeni yake inapotea hewani kama ile harufu inayokuchoma pua bandani, basi siku hiyohiyo iingizwe udongoni. Hili ni sawa kwa njia zote tatu, ila kitawanyio, kwa kuwa huisambaza nyembamba, kinaadhibu zaidi anayechelewa kulima. Tela hilohilo kesho linabeba ndizi, kuni, matofali, na mara moja lilibeba meza na viti vya harusi. Kitawanyio hakibebi kingine, labda umpate bibi harusi asiye na pua.

Matengenezo nitayapitia upesi, ingawa ndiyo yatakayokula fedha zako. Sakafu ya mbao huoza. Tuliivua yote tukaweka mfenesi, unavumilia vizuri. Minyororo ya zamani ni ya pingu zinazochomolewa kwa mkono moja moja, na hapa sijaiona dukani hata moja, kwa hiyo ikikatika unachomelea au unabadilisha gia zote uweke mnyororo wa pikipiki. Chumvi ya hewa yetu ikikutana na mkojo wa ng'ombe, chuma hakina utetezi: osha siku hiyohiyo, kausha, paka grisi, weka chini ya paa. Ukikiacha usiku kucha na samadi ndani, asubuhi mnyororo umeganda, na ukiuvuta kwa nguvu unakata pau. Matairi ya meno ya kitawanyio hufungwa kinyume na ya trekta, kwa kuwa hapa ardhi ndiyo inayolizungusha gurudumu. Mimi nilifunga kama ya trekta na kwa msimu mzima nikashangaa kwa nini yanaserereka. Jaza kuanzia mbele kwenda nyuma, usizizike ngoma. Na mtu asipande nyuma wala asisogee na kanga au kanzu wakati ngoma zinazunguka. Hazina breki na hazisikii yowe.

Samadi ya kuku ni kesi ya peke yake. Kitawanyio huirusha vizuri mno, vumbi lake linafika sebuleni kwa jirani, na ikiwa haijaoza inaunguza miche. Nasambaza kwa mkono, kidogo, baada ya kuiozesha. Na kwa mboga zinazoliwa mbichi, kotmiri, saladi, matango, samadi mbichi usiitie kabisa kwa chombo chochote; kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na mboga zetu nyingi hazimalizi hata nusu ya siku hizo.

Kwa hiyo ukiniuliza njiani, nitakuuliza mimi kwanza. Una eka moja au zaidi iliyo wazi, tambarare, isiyo na mawe? Una ng'ombe wa maziwa watano sita wanaokujazia samadi kila msimu, au jirani mwenye nao? Una fundi wa karibu asiyekasirika ukimpelekea chuma cha miaka sabini? Ukijibu ndiyo mara tatu, kitawanyio kidogo kikongwe kitakufurahisha, na kondeni utaiona tofauti. Ukijibu ndiyo kwa trekta peke yake, tengeneza tela. Ukiwa huna trekta, usilinunue kwa ajili ya samadi. Mwite mwenye gari la ng'ombe, mwite mapema, mwezi wa pili, kabla watu hawajaanza kutazama mawingu, na mkubaliane kabisa kwamba atamwaga marundo kumi na si moja.

Mdogo wangu kanipigia tena wiki iliyopita. Kaona kingine, cha lita elfu mbili, rangi bado ipo. Nimemwambia akiache, aniletee pingu za mnyororo kiasi cha mita nne na, kama begi lina nafasi, reki mbili za chuma kizuri.